Mhandisi Aliyefika Kabla ya Ndege

"Mpenzi, nimefika salama! Huku baridi inakata mifupa."

Mwalimu wa chekechea alikuwa kwenye kiti kidogo cha wanafunzi wake, vidole vimejaa rangi. Asubuhi ileile mchumba wake, Mhandisi, alimuaga huku akilalamika: mji anaokwenda kikazi uko kilomita elfu nane, saa kumi na moja hewani. Akatazama saa ya ukutani. Hata saa nne hazijatimia tangu aondoke.

"Mmewahi."

"Upepo ulitusukuma. Rubani mwenyewe kashangaa!"

Mara sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu:

"Baba, chai inapoa."

Mwalimu akaibana simu sikioni. Sauti ile aliijua. Ni Msusi, shoga yake wa kufa na kuzikana, ndiye aliyepangwa kumsuka siku ya harusi.

"Nani huyo?"

"Mhudumu wa hoteli."

"Kumbe hata huko wanaongea lugha yetu?"

"Dunia imekuwa kijiji, mpenzi."

"Haya. Kanywe chai."

Alilia chooni, akanawa uso, akarudi darasani kuimbisha watoto. Hakumgombeza mtu. Moyoni aliapa: hawa wawili nitawaumbua kweupe.

Ijumaa ujumbe ukaingia: "Natua kesho saa tatu asubuhi. Usihangaike kunipokea."

Akajibu: "Mama yako ndiye anayekuja kukupokea. Kashika maua."

Simu ikaita mara tano. Hakupokea.

Jumamosi alimchukua mkwewe mtarajiwa kwa gari lake mpaka uwanja wa ndege. Wakasimama maegeshoni, nyuma ya nguzo.

"Mwanangu, abiria si wanatokea kule ndani?"

"Wako atatokea huku, mama. Vumilia."

Haukupita muda, gari jekundu likaegeshwa. Msusi kwenye usukani. Mhandisi akashuka na sanduku, koti zito mwilini, jasho linamtiririka. Msusi akamfuta kijasho, akambusu.

"Kimbia, mume wangu. Jichanganye na abiria."

"Mama akiniuliza mbona nimechelewa kutoka?"

"Mwambie ndege ilichelewa."

"Haikuchelewa," akasema mama yake, akitoka nyuma ya nguzo.

Sanduku likamponyoka. Likafunguka: limejaa magazeti.

"Mama... naweza kueleza..."

"Eleza! Mimi nilikuombea usiku kucha usianguke kutoka angani!"

Mwalimu akamgeukia Msusi.

"Shoga, tangu lini?"

"Tangu kabla hajakuposa," Msusi akajibu bila kupepesa macho. Kisha akamgeukia Mhandisi, sauti ikamtetemeka. "Uliniambia harusi hii analazimisha mama yako."

"Mimi?" mama akamaka. "Mimi nilimwambia asubiri!"

Msusi akawasha gari, akaondoka bila kuaga. Mhandisi akapiga magoti kwenye lami.

"Mpenzi, nisamehe. Turudi nyumbani tuyazungumze."

Mwalimu akamfungulia mama mlango wa mbele. Milango ya nyuma akaifunga kwa funguo.

"Watu wote watajua leo," akasema. "Na atakayewasimulia ni mama yako."

"Tena kwa jina lako kamili," mama akaongeza.

Wakaondoka. Kwenye taa nyekundu Mwalimu alianza kucheka, kicheko kikamgeuka kilio. Mama akamwekea maua mapajani.

"Lia, mwanangu. Bora posa ivunjike kuliko wewe."