Nishikie Dakika Moja

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa Katibu alipomaliza kumnyonyesha mwanawe na kumkabidhi kwa mdogo wake.

"Kwani lazima uende leo?" mdogo wake alimuuliza, akimpigapiga mtoto mgongoni. "Huyo Upesi anajibu hata kabla hujamaliza kuuliza. Mtie kundini, yaishe."

"Hatumwingizi mtu tusiyemwona uso."

"Na akiwa na sura mbaya?"

"Mbona wewe tulikuingiza?"

Wakacheka wote wawili. Katibu akavaa viatu. "Nitarudi kabla hajalala," alisema.

Jina la Katibu alipewa na wenzake kwa kumtania, likamganda. Walikuwa wanawake sita wa mtaa mmoja, wote wakifanya kazi ya kuwasaidia mabosi wa mbali kwa kompyuta: kujibu barua, kuchapa, kupanga miadi. Zamani kila mmoja alihangaika peke yake chumbani mwake. Mtoto akiugua, au umeme ukikatika, bosi anapotea hivi hivi. Katibu, pamoja na aibu zake zote, ndiye aliyewatafuta mlango kwa mlango. Ndiye aliyepata chumba juu ya duka la fundi cherehani, na ndiye aliyefungua kundi kwenye simu.

Kundi lilikuwa na neno lake. Aliyekwama aliandika "Nishikie." Wa kwanza kuliona aliandika "Nimeshika," na kazi ikawa yake mpaka mwenzake arudi. Hakuna kuuliza ni kazi gani wala ya nani. Kwa mwaka mzima hawakupoteza bosi hata mmoja. Walizoea hadi wakalitumia kwa mdomo. Mtu akiinuka kwenda msalani, husema nishikie, na mwenzake hujibu nimeshika bila hata kuinua macho.

Upesi aliwaandikia mwenyewe mtandaoni, akiomba kuingia. Alikaa mtaa huo huo, nyumba ya mwisho, nyuma ya ghala. Uandishi wake haukuwa na kosa, na kila ukimwandikia, saa yoyote, alikuwepo.

Mlango ulikuwa wazi.

Katibu alibisha hodi. Ndani hapakuwa na taa, ila mwanga wa buluu wa kompyuta ukutani. Harufu ikamjia puani, harufu ya vumbi lililoungua na nywele ambazo hazijaoshwa siku nyingi. Na sauti...

Ta-ta-ta. Ta-ta-ta.

"Karibu, dada." Ilikuwa sauti kavu ya mwanamke. "Samahani, sigeuki. Bosi ananisubiri."

Katibu aliingia. Upesi alikuwa mwanamke wa umri wake, amekaa wima kama aliyepigiliwa misumari kitini. Kucha zake zilikuwa ndefu, zimeanza kujikunja. Midomo ilikuwa imepasuka. Vidole tu ndivyo vilivyotembea.

Kwenye kioo cha kompyuta lilitokea neno moja.

*Upo?*

Upesi akaandika: *Nipo.*

"Anakuuliza mara nyingi?" Katibu alinong'ona. Hakujua kwa nini ananong'ona.

"Muda wote."

"Yuko nchi gani?"

Vidole vikasita. "Hajawahi kusema."

"Sasa unamfanyia kazi gani?"

"Napanga miadi."

Katibu akainama asome. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote, naye alitaka kuona mpangilio wa mwenzake. Ilikuwa orodha safi, imenyooka, kila mstari na siku yake na saa yake.

*Mwalimu mstaafu, nyumba ya kona. Jumatano, saa tisa alasiri.*

Mwalimu huyo walimzika Alhamisi iliyopita.

Chini yake kulikuwa na mistari mingine. Mwenye duka la vioo. Bibi anayeuza vitumbua... hapana, ni mkwe wa huyo bibi. Tarehe zao zilikuwa bado hazijafika. Nywele zilimsimama Katibu. Alitaka kurudi nyuma. Akili yake ilikuwa bado inahesabu siku zile, na wakati huo huo Upesi alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu wa chumbani kwao:

"Nishikie dakika moja, nikanywe maji."

Mdomo ukatangulia.

"Nimeshika."

Ta-ta-ta ikakoma.

Upesi aliinuka. Magoti yake yalilia kama kuni kavu. Alijishika uso, akajitazama mikono, kisha akaanza kulia bila sauti.

"Nisamehe, dada. Mimi pia niliambiwa ni maji tu."

"Uliambiwa nini? Umefanya nini?"

"Kaa. Kaa upesi, atauliza." Akamsukuma kitini. "Akiuliza upo, jibu. Usimcheleweshe. Mimi nilichelewa mara moja."

Akafunua nywele upande wa kushoto. Pale palipopaswa kuwa na sikio palikuwa na ngozi laini. Hapakuwa na kovu wala tundu. Ilikuwa kana kwamba hakuzaliwa nalo.

"Nani huyu?" Katibu aliuliza. "Ni jini? Ni mtu amekuroga?"

"Sijui! Nilipokea kwa shoga yangu, naye alipokea kwa mwingine. Wa kwanza hakuna anayemjua." Alikuwa tayari anarudi kinyumenyume mlangoni. "Utatoka mtu akikushikia. Lazima wewe uombe, yeye akubali. Una watu wengi, dada. Ndiyo maana nilikutafuta."

Kisha akakimbia. Katibu alisikia miguu mitupu ikipiga vumbi, ikapotea.

Akajirusha mlangoni. Alipofika kizingitini tu, pumzi ilikatika. Haikubanwa. Ilikatika kabisa, kama bomba lililofungwa. Akaanguka ndani, hewa ikarudi. Akajaribu tena, ikawa vile vile.

Nyuma yake, harufu ya nywele iliongezeka. Kitu kilivuta pumzi karibu na shingo yake.

*Upo?*

Akatambaa hadi kitini. Akaandika: *Nipo.*

Harufu ikapungua.

Simu yake ilikuwa mfukoni. Aliitoa. Wanawake watano, na neno moja tu. Alijua vizuri mno litakavyokuwa: kabla hajapepesa macho, mmoja angejibu. Asingeuliza kazi gani wala ya nani, kwa kuwa ni yeye Katibu aliyewafundisha wasiulize. Na alijua nani angekuwa wa kwanza. Siku zote alikuwa mdogo wake, simu mkono mmoja, mtoto mkono wa pili.

Akaandika *Nishikie.* Kidole kikabaki juu ya alama ya kutuma.

Maziwa yalikuwa yameanza kumjaa kifuani. Mtoto alikuwa na miezi saba. Saa hizi anatafuta ziwa.

Akalifuta neno herufi moja moja. Kisha, akijibu *Nipo* katikati, akaanza kuwatoa kundini. Mke wa kinyozi. Mama Pacha. Yule mrefu. Yule wa ghorofani. Mdogo wake akawa wa mwisho. Kundi alilolijenga mlango kwa mlango likabaki na mtu mmoja.

Haikupita nusu saa, tochi ikamulika dirishani.

"Dada! Ndiyo nini kutufukuza kama kuku? Mtoto analia mpaka sauti imemkauka!"

"Usiniulize kitu," Katibu alisema bila kugeuka. "Mlete nimnyonyeshe. Usiseme neno lolote la kazi. Hata moja!"

Mdogo wake aliingia na kutoka kizingitini bila shida. Katibu alimpakata mtoto kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukichapa. Mtoto akanyonya kwa pupa, akishika kitufe cha gauni la mama yake.

"Dada, unachoka hivyo. Basi nikushi..."

Katibu alimziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu hata meno yakagonga. Kisha, akinong'ona, akamweleza yote.

Asubuhi wenzake wote wa kundi walikuja. Mke wa kinyozi alisoma dua zake zote mpaka akarudia za mwanzo. Fundi cherehani, mtu mwenye kifua kama kabati, alimbeba Katibu begani ili amtoe kwa lazima. Walipovuka mlango uso wa Katibu ukawa wa majivu, na fundi akamrudisha ndani mbio, yeye mwenyewe akilia. Kompyuta waliipiga nyundo. Kioo kilipasuka, na neno likaendelea kutokea ndani ya nyufa.

Huu ni mwezi wa tatu sasa. Upesi hajaonekana popote. Mwenye duka la vioo alikufa siku yake na saa yake.

Mdogo wake huja kila jioni na mtoto. Na kila jioni, sasa akijua kila kitu, huuliza kwa makusudi.

"Nikushikie, dada?"

"Hapana."

"Wewe una mtoto. Mimi sina."

"Nenda nyumbani."

Jana mtoto alilikataa ziwa. Alimtazama Katibu kama anavyotazamwa mgeni, akaanza kulia, akanyoosha mikono yote miwili kwa mama yake mdogo. Huko akanyamaza. Akalaza kichwa begani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema neno.

"Mama."

Si kwa Katibu.

Mdogo wake alikuwa analia. "Dada, sema tu. Mimi niko tayari. Sema."

Katibu alifungua mdomo.

"Nishi..."

Akauma ulimi mpaka damu ikamjaa kinywani. Akatikisa kichwa, akaonyesha mlango kwa kidole.

Lakini mdogo wake hakuondoka. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akakaa chini kizingitini, akasubiri neno limalizike.