Mlima wa Mezani

Fundi wa ramani pale makao ya jeshi alikuwa mtu wa kupenda sifa, na ndicho kilichomponza. Ule mlima wa mezani, mfano mdogo wa mlima wa vita ambao wakubwa huutazama kabla ya kupanga mapigano, wenzake huufinyanga kwa mchanga wowote. Yeye akaagiza gunia la udongo wa mlima wenyewe, ufanane hasa. Hakuna aliyemwambia kwamba ule mlima una wenyewe.

Asubuhi ya kwanza akakuta pale mezani njia ya bondeni imefukiwa. Akasingizia panya, akaichonga upya. Asubuhi ya pili imefukiwa tena, na chumba kinanuka jiwe lililoloa, wakati mvua haijanyesha wiki nzima.

Mchana simu ya upepo ikakoroma. Alikuwa mdogo wake, anayeshuka na kikosi cha watu arobaini kwa njia ile ile. Nyingine haikuwepo, adui ameshika vilele vyote viwili, na pembeni ni maporomoko matupu.

"Kaka," alinong'ona, "njia imeziba. Mawe yameshuka bila mlio. Jamaa wako juu yetu, tunawasikia wakikohoa."

"Usikate simu." Fundi akachomeka kidole mezani, akafukua.

"Eh. Pamefunguka."

Akatoa kidole, udongo ukarudi, na simuni mtu akalia. Basi akakizamisha chote, na humo ndani kitu kikakishika, taratibu, kwa kiganja chenye joto, kisha sauti ya jini ikatoka chini ya meza, ya upole kabisa, ikimwambia kwamba yeye ndiye aliyechukua gunia zima bila hata hodi, kwa hiyo mlango mmoja lazima ufungwe, ama ule wa bondeni ama huu wa chumba chake, achague mwenyewe.

Akautazama mlango wa chumba chake. Huyo mdogo wake, ni yeye fundi aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Waache washuke," akasema.

Jioni wote arobaini wakafika salama. Mdogo mtu akaenda mbio chumba cha ramani. Mahali pa mlango palikuwa na ukuta wa jiwe, umeloa. Akaugonga kwa ngumi.

"Kaka, nimefika. Fungua."

Akajibiwa kutoka mbali sana, mbali kuliko chumba chochote.

"Nakusikia, mdogo wangu. Usiache kuongea."