Jina Aliloitwa Mbwa

Viazi mwitu vilifukiwa kwenye majivu ya moto tangu jua la utosini, na Mirrun alipovifukua vilikuwa baridi kama vimetoka mtoni sasa hivi. Akavirudisha, akachochea moto, akangoja, akavitoa tena. Baridi vilevile. Mumewe, Buludan, alikibonyeza kimoja, akakitupa. Nyuma ya kibanda chao cha magome, mahali pasipo na mtu, mtu alikuwa akihema, na pumzi yake ilitoa mluzi mwembamba.

Mirrun aliujua mluzi ule. Kaka yake aling'olewa jino la mbele jandoni, kama wanaume wote wa ukoo, na pengo lake lilipiga mluzi kila alipohema. Lakini kaka yake alikwisha kufa. Wazungu walimpiga risasi akichimba viazi ukingoni mwa mto, palepale alipochimba babu yake, kwa kuwa wao wamepageuza shamba la mahindi. Jina lake sikutajii, usiniulize. Kwa watu wa mto ule marehemu hatajwi, maana ukimtaja umemwita, na akiitwa anakuja. Hata ndege mmoja aliyeitwa karibu sawa na yeye alibadilishiwa jina siku ya mazishi. Walihama kambi, wakafukiza moshi, wakalia mpaka sauti zikawakauka. Sasa anarudi kufanya nini?

Na alirudi wakati mbaya. Mahindi yalikuwa yamekauka, na Buludan na wapiganaji wake walingoja upepo wa bara tu wayatie moto. Wazungu wakikosa chakula wataondoka, ukingo urudi kwa wenyewe. Yakivunwa, ndiyo basi, watakaa. Lakini kila jioni mluzi ulipita kambini, na nyuma yake harufu ya mafuta ya samaki na udongo mwekundu waliompaka kabla ya kumzika, na kila kulipokucha wapiganaji walikuwa wamepungua.

"Na wewe Tarrowin unakimbia?" Buludan alimuuliza binamu yake, aliyekuwa akifunga mikuki yake.

"Kaka, bunduki naiona inakotokea. Huyu ananihemea kisogoni. Nitapigana vipi na mtu niliyemlilia mwenyewe?"

"Subiri upepo."

"Upepo gani? Kila siku upepo, upepo. Umetuchosha."

Wakamleta mganga Kamberi kutoka milimani, mzee mwenye hasira za karibu. Alifukiza majani mabichi mchana kutwa, na mluzi ukafifia, ukafifia, mpaka Mirrun akaanza kupumua vizuri. Jua lilipokuwa linazama, kutoka ng'ambo ya mto, sauti ya mwanamume ikaliita lile jina, waziwazi, ikavuka maji na matete na kupanda mpaka kambini, na papo hapo moto ukanywea, ile harufu ikajaa puani, na kile kitu kilichokuwa kimeshafika mbali kikageuka, Mirrun akakisikia kikija, kinahema, kinapiga mluzi, kinakanyaga majani makavu hatua kwa hatua mpaka kikasimama nyuma yake.

"Nani huyo anaita?" Kamberi alinong'ona.

Mirrun alichungulia. Ng'ambo, Mzungu waliyempachika jina la Ndevu alikuwa mlangoni kwake na mfupa mkononi. Aliita tena, na mbwa mweusi akaja mbio.

"Anamwita mbwa wake."

"Mbwa?"

"Kampa mbwa jina la kaka yangu."

Na marehemu mwenyewe ndiye aliyemtajia Ndevu jina lile, kabla ya vita, walipokuwa wakibadilishana samaki kwa mahindi. Alijigonga kifua, akajitaja, wakacheka wote wawili.

"Mimi nimekohoa moshi mchana mzima namsindikiza mtu," Kamberi alisema, "kumbe kuna mpumbavu anamkaribisha chakula."

Kulipopambazuka Buludan alimchoma mbwa yule mkuki. Kambi ikatulia. Wapiganaji wakarudi, Tarrowin naye, kajiinamia kwa aibu. Kisha upepo ukavuma, mkavu, kutoka bara. Mirrun alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Wakavuka mto, wakajibanza kwenye matete kila mtu na kijinga chake cha moto.

Mashua ikaja ikipanda mto. Mpiga makasia akanyoosha kidole kwenye ukingo, akapaza sauti kuuliza, na neno alilolitamka lilikuwa jina lile. Ndevu alikuwa amesimama kando ya kaburi la mbwa wake. Akatanua mikono kuonyesha mahindi, nyumba, ardhi yote, akamjibu kwa jina lilelile. Wazungu wengine waliokuwa shambani wakalidakia: ukingo wote ulikuwa umepewa jina la marehemu.

Wapiganaji walitupa vijinga majini, wakatawanyika. Buludan aliwaita kwa sauti ya chini, akawatukana, akawasihi, hakuna aliyegeuka. Mirrun alibaki na chake.

"Kaka," alisema, "si sisi tunaokuita. Niachie huu moto tu."

Pumzi ikapita juu ya bega lake, na kijinga kikazima.

Mahindi yalivunwa yote. Siku hizi kila mwenye mkokoteni akiuliza njia ya kwenda pale anamtaja marehemu, na kila mtoto wa Kizungu aliyezaliwa pale anamtaja akiulizwa kwao wapi. Mirrun alizeeka akitafuta amwambie nani anyamaze.