Mwizi Aliyevua Viatu

Mwizi aliyeingia kwa mzee Ghanshyam alivua viatu mlangoni.

Inspekta Candida Komba aliliona hilo kabla hata hajaambiwa kilichoibiwa. Masika ya mwaka 2008 ilikuwa imepamba moto, Upanga nzima tope tupu, na kwenye mkeka wa mlango wa nyuma zilibaki alama mbili za viatu vya kiume. Zilikaa sambamba, visigino vimeelekea ukutani. Kuanzia hapo ndani, sakafu safi. Sebuleni hakuna tope, kwenye zulia hakuna tope. Mwizi gani huyu mwenye adabu zake?

"Mkeka huu umeguswa?"

"Hapana. Sisi tunatumia mlango wa mbele," alijibu Tejas, mtoto wa mwenye nyumba, aliyekuja likizo kutoka Amerika. "Tuliwapigia simu Jumamosi jioni, tulipotoka hekaluni. Leo Jumatatu."

Candida akaugeukia mlango. Gari la kituo halikuwa na mafuta, lakini hayo hayasemwi mbele ya mlalamikaji.

"Mlango haukuvunjwa."

"Ufunguo tunauficha kwenye chungu cha mtulasi, ule mmea wetu wa ibada, pale barazani."

"Nani anajua?"

"Watu wa nyumbani."

Sebuleni palikuwa na picha kubwa ya mwanamke, imevishwa shada la maua ya manjano. Chini yake televisheni, na chini ya televisheni deki mpya inayong'aa. Pembeni ya deki hiyo palikuwa na nafasi tupu. Mzee Ghanshyam alikaa kwenye kiti chake akiitazama televisheni iliyozimwa. Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, yeye ndiye aliyewauzia deki nusu ya watu wa Kisutu. Leo hakugeuka hata kuwaangalia polisi.

"Kimeibiwa nini?" aliuliza Candida.

"Deki ya HD DVD," alisema Tejas. "Na diski iliyokuwa ndani."

"Na hii iliyobaki?"

"Hiyo ni Blu-ray. Nimekuja nayo safari hii. Hawakuigusa."

"Ya bei kubwa ni ipi?"

"Hiyo. Iliyoibiwa haina bei tena, imekufa."

"Mbovu?"

"Nzima kabisa. Imekufa sokoni. Zilikuwa mbili zikishindana, kila moja na diski zake, na hakuna inayosoma za mwenzake. Februari hii watengenezaji wa HD wamesalimu amri. Nilimnunulia baba ile nikidhani ndiyo itakayoshinda. Nilibahatisha, nikakosea."

Konstebo Sadalla, aliyekuwa akipaka unga wa kutafutia alama za vidole, aliguna. Mwizi kaacha nyama kabeba mfupa!

"Kwenye diski kulikuwa na nini?"

Hapo mzee akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Mke wangu."

Tejas akaeleza kwa sauti ya chini. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama yake, Jaya, ya mwisho kabla hajafariki. Tejas alimrekodi mwenyewe. Kompyuta iliyotunza picha hizo ilikufa baadaye, ikabaki diski hiyo moja. Tangu hapo, kila jioni baba anafunga mlango wa sebule na kumtazama mkewe.

"Nampeleka Amerika mwezi ujao," aliongeza. "Hapa atakufa kwa upweke."

Upweke Candida aliujua. Kwake Magomeni, tangu afiwe na mumewe Kasmir, kila asubuhi aliiacha redio ikiongea ili jioni asikute nyumba kimya. Majirani wanadhani ni msahaulifu. Na wadhani hivyo hivyo.

Chini, kwenye maegesho, dereva wa familia, Benjamini, alikuwa akifuta gari ambalo mvua ingelichafua tena muda si mrefu. Alikuwa mzee wa Kusini, mwembamba, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee Benjamini."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Kisutu, nje ya hekalu. Namsubiri bosi."

"Hukutoka?"

"Niende wapi, afande?"

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Na kuta." Akakikunja kitambaa, akakikunjua. "Mke wangu Selina alikuwa akifanya kazi humu ndani. Mwaka jana alitangulia."

"Pole sana."

"Tumeshapoa."

Lakini hakuwa amepoa. Candida aliliona hilo, akalihifadhi.

Aliporudi ghorofani alimkuta Sadalla anarukaruka kwa mguu mmoja.

"Afande, hili dubwana chini ya meza limenivunja kidole!"

Lilikuwa boksi la chuma, zito kama tofali.

"Transfoma," alisema Tejas. "Ile deki ni ya Amerika. Umeme wa kule ni nusu ya huu wenu."

"Mtu akiichomeka moja kwa moja ukutani?"

"Inaungua papo hapo."

"Nani alijua hivyo?"

"Mimi na baba. Mlango ukifungwa haingii mtu."

Candida akamvuta Sadalla kando.

"Mwizi wetu anaijua nyumba kuliko anavyoijua deki. Ameacha transfoma. Kwa hiyo deki imeshaungua. Mwenye mgonjwa huenda wapi?"

"Kwa daktari."

"Mwenye deki mbovu je?"

"Kariakoo!" Sadalla akasahau kidole chake.

Kariakoo hiyo walizunguka mpaka soksi zikalowa. Mafundi wa Mtaa wa Aggrey wakiona polisi wote hugeuka mabubu. Huyu hajaona, yule ndio kwanza kafungua, wa tatu yuko msalani tangu asubuhi. Mwisho wakafika kwenye kibanda cha Hafidhi, kijana mwenye bisibisi sikioni na maneno mengi mdomoni.

"HD DVD? Kaileta mzee mmoja jana, mama. Nilipoifungua, moshi. Kaikata plagi ya kizungu, kaifunga ya kwetu ya miguu mitatu, kaipiga umeme wote. Nikamwambia mzee, huyu maiti. Spea hakuna, na hazitakuja."

"Ipi ilikuwa bora, hiyo au Blu-ray?"

Hafidhi akafurahi kuulizwa. "Picha? Wallahi huoni tofauti. Diski ukubwa mmoja, zote zinasomwa kwa mwanga wa buluu. Blu-ray inabeba mengi zaidi, HD ilikuwa nafuu. Hapa kijiweni tulikuwa Simba na Yanga, tunabishana mpaka chai inapoa. Halafu wenye filamu wakahamia upande mmoja, mpira kwisha. Bora ni ile iliyobaki, mama."

"Huyo mzee yukoje?"

"Mwembamba, ana kofia. Deki kaifunga kwenye kitenge kama mtoto. Nilipomwambia haiponi, akalia. Mtu mzima! Nikashindwa hata kumdai pesa ya kuifungua." Hafidhi akatikisa kichwa. "Na kituko kingine, alivua viatu kabla ya kuingia. Nikamwambia mzee, hapa si msikitini. Akasema mazoea."

Candida na Sadalla wakatazamana.

Jioni ile Inspekta alirudi Upanga, akamwita dereva ghorofani. Yeye akasimama mahali pa kumwona akiingia. Benjamini alifika mlangoni, akainama, akavua viatu, akavipanga sambamba, visigino ukutani. Miaka ishirini na zaidi ya kuingia nyumba hiyo ilikuwa imo katika kuinama kule.

"Mzee, nani mwingine anapanga viatu namna hiyo?"

Benjamini akaviangalia viatu vyake. Hakubisha.

"Iko kwenye buti la gari," alisema.

Sadalla akaipandisha, ikiwa kwenye kitenge cha bluu kilichopauka. Ilipofunuliwa, harufu ya plastiki iliyoungua ilijaa sebuleni. Tejas akaruka.

"Mzee Benja! Wewe? Ungeomba tu!"

"Subiri," alisema Candida. "Mzee, si lazima useme lolote, na utakalosema linaweza kutumika mahakamani. Kwa nini uliichukua?"

Dereva hakumjibu yeye. Alimgeukia Ghanshyam.

"Niliomba, bosi. Mwaka jana, baada ya arobaini ya Selina. Nilisikia kwamba siku ya kuzaliwa ya Mama alipigwa picha pamoja naye. Nikakuomba niione mara moja tu. Ulinijibu, hiyo ni ya familia."

Mzee Ghanshyam alifumba macho.

"Nikanyamaza. Majuzi kwenye gari huyu kijana akaniambia, Selina yumo, anamlisha Mama keki, wanacheka wote wawili. Akasema deki yenyewe imekufa, mnaondoka, vitu vitagawiwa. Mimi sina hata picha yake ya video. Ninayo ya kitambulisho, na kwenye kitambulisho hakuna anayecheka." Akaigeuza kofia mkononi. "Mlipokuwa hekaluni nilirudi hapa na gari, nikaichukua. Nilitaka niione Jumamosi, Jumapili niirudishe. Nikachomeka. Ikatoa cheche, kukawa giza. Nimewaua tena, bosi. Mama na Selina, wote."

Tejas aliichomoa diski taratibu, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

"Nitatafuta deki nyingine kule," alisema. "Hata ya mtumba. Sijui itachukua muda gani."

"Futa kesi," mzee alimwambia Candida.

"Kesi haifutwi kama ubao, mzee. Lakini mlalamikaji akikataa kuendelea, jalada langu litakwenda wapi?"

"Nimekataa."

Benjamini alikuwa bado wima, peku, kofia mkononi.

"Bosi, naomba kitu kimoja. Wewe umeiangalia kila siku. Selina alikuwa amevaa nini?"

Mzee Ghanshyam akaigeukia televisheni iliyozimwa.

"Jaya amevaa sari ya kijani," alianza. "Keki ina ua jeupe. Anageuka, anamkaripia Tejas na kamera yake. Halafu unakuja mkono, unamlisha..." Akasita. "Mkono. Naujua mkono tu, Benjamini. Mwaka mzima nimekaa hapa namwangalia Jaya. Mwenye mkono sikumwangalia hata siku moja."

Alilia waziwazi, bila kujificha.

"Mkono una bangili?" aliuliza Benjamini.

"Unayo. Nyekundu, ya plastiki."

"Basi ndiye."

Benjamini akataka kuketi sakafuni, kama kawaida yake. Mzee akamshika mkono, akamvutia kiti cha pili, kile cha Jaya, ambacho hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu msiba.

"Anza mwanzo, bosi," alisema Benjamini. "Usiruke kitu."

Mzee akaanza mwanzo, tangu mlango unapofunguliwa na keki inapoingia. Sadalla alikwisha shuka. Candida aliinama mlangoni kuvaa viatu vyake. Nyumbani kulikuwa na redio tu ikimsubiri. Akafunga kamba za kiatu cha kwanza taratibu sana, akazifungua, akaanza upya.