Kimya Kwenye Kona

Kila asubuhi kabla ya shule, Pilipili alifunga kamba za viatu mlangoni, akamuaga mama yake aliyekuwa akipiga pasi sare, kisha akatoka mbio kuelekea msituni. Jina hilo alipewa kwa sababu ya udogo na ukali wake, na kusema kweli alilipenda.

Njia ya msituni ilikuwa nyembamba, ya kupita mtu mmoja tu, nayo ilipanda mlima kwa kona nyingi. Wakimbiaji na waendesha baiskeli waliitumia pamoja. Kabla ya kila kona mkimbiaji huita, "Miguu!" na mwenye baiskeli huita, "Magurudumu!" Kisha mmoja husimama pembeni, mwenzake apite.

Mashindano ya mbio ya shule za eneo hilo yalipokaribia, Pilipili alianza kumshuku Miwani, mvulana wa shule jirani mwenye baiskeli ya buluu. Mbona kila akigeuka, Miwani yuko nyuma? Mbona akipunguza mwendo, naye anapunguza?

"Mama, yule ananipeleleza," alisema. "Dada yake ndiye mshindani wangu. Anataka kujua ninapochokea."

"Umemuuliza?"

"Mpelelezi anaulizwa, mama? Atasema ukweli?"

"Haya, bingwa wangu. Angalia usije ukakimbia kivuli chako mwenyewe."

Kesho yake Pilipili aliamua kutoita tena. Kwa nini amwambie adui alipo? Alipokuwa akipanda, akasikia juu yake, "Magurudumu!" Ananitega, akawaza, akafunga mdomo na kuikata kona.

Baiskeli ilikuwa usoni pake. Miwani alikata usukani, akarukia vichakani, akaangukia mkono. Alitoa ukelele wa maumivu.

Mwalimu wa michezo, aliyekuwa akija nyuma na kundi la wakimbiaji, alifika akihema. "Nilisema mimi! Baiskeli hizi zitatuulia watoto! Kwa nini hukuita?"

"Niliita, mwalimu," alisema Miwani, ameukumbatia mkono wake uliokuwa ukivimba.

"Wote husema hivyo. Leo hii namwendea bwana misitu. Baiskeli marufuku hapa!"

Pilipili alitazama chini. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua, na mashindano yalikuwa kesho tu. Lakini Miwani alikuwa akilia.

"Aliita, mwalimu. Nilimsikia. Mimi ndiye niliyenyamaza." Akamgeukia Miwani. "Nilidhani unanipeleleza. Kila siku uko nyuma yangu!"

Miwani alimtazama kwa mshangao. "Nikupitie wapi? Njia yenyewe hii! Ulikuwa ukigeuka unaonekana umeogopa, nikapunguza mwendo nisikutishe."

Pilipili aliinama, akaiinua baiskeli ya buluu kutoka vichakani.

Mwalimu alichuchumaa kando ya Miwani. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu kabla ya kukusikiliza." Aliufunga mkono wake kwa skafu, akamwinua. "Baiskeli hazitafukuzwa. Na wewe, Pilipili, kesho hukimbii. Sasa hivi utakokota baiskeli yake hadi zahanati."

"Sawa, mwalimu," alisema Pilipili, machozi yakimlengalenga.

"Kusema kweli kumekupa heshima, na hiyo sitakunyang'anya. Lakini ukimshuku mtu, muulize. Kuuliza si ujinga. Swali moja tu lingewatosha nyinyi wawili, na mwenzako asingekuwa anakwenda kwa daktari."