Kikuza Mawimbi cha Otaniemi

Risasi ya kwanza ilipita juu ya sikio la Sirkka Hyttinen.

Alijitupa nyuma ya meza ya chuma. Miaka tisa katika idara ya usalama ya Finland, na bado hakuwa ameuzoea mlio wa bastola ya Glock.

Ilikuwa saa sita mchana, kwenye maabara ya chini ya ardhi huko Otaniemi. Mwenye bastola alijiita Verhaegen, mhandisi mgeni. Kwapani alibana kijisanduku alichokiiba. Ndani yake mlikuwa na kikuza mawimbi, kipande kidogo kama ukucha, kimepakwa utando wa metali ya niobiamu. Kikipozwa sana, umeme hupita bila kizuizi, na wimbi la redio lililofifia hukuzwa bila kuchafuliwa na kelele. Jeshi lenye kitu kile lingeisikia ndege iliyo mbali mno.

Sirkka alinong'ona kwenye redio. "Vuokko, funga milango yote."

"We mwanamke, si uko ndani?" akauliza mkuu wake, aliyekuwa katika chumba cha ulinzi ghorofani.

"Funga."

Milango ikajibamiza.

Verhaegen akacheka. "Umejifungia na dubu, dada."

Akafyatua tena. Risasi ikapasua bomba la heliamu, gesi ya kupozea mitambo. Gesi ikavuma. Kengele ya upungufu wa hewa ikaanza kulia.

Gesi ile haina harufu. Huisukuma hewa pembeni, ukazimika bila hata kukohoa.

"Vuokko, fungua. Gesi inavuja."

"Mitambo imegoma. Nipe dakika mbili."

"Sina mbili."

"Basi lala chini. Heliamu hupanda juu. Lala, mwanangu."

Akalala, shavu kwenye saruji. Chini ya meza aliviona viatu vya Verhaegen vikija.

Hatua. Hatua nyingine.

Akaziba mdomo kwa kiganja, asisikike akihema.

"Toka huko," Verhaegen akasema. Sauti ikamtoka nyembamba kwa ile heliamu, kama ya bata. Akashtuka mwenyewe. "Nini hii..."

Viatu vikayumba. Mwili mzima ukaporomoka. Bastola ikateleza hadi mbele ya pua ya Sirkka.

Alitambaa hadi alipoanguka. Akamfunga pingu, akachukua kijisanduku, kisha akamgeuza uso uelekee sakafu, palipobaki hewa.

"Pumua, mpumbavu wewe. Una maswali ya kujibu."

Verhaegen akakohoa. Mlango ukafunguka.

Vuokko alikuwa koridoni, mweupe kama karatasi. "Uliogopa?"

"Nusura nijikojolee."

Sirkka akamkabidhi kijisanduku pamoja na Verhaegen. Akafunga zipu ya koti, akatoka nje penye theluji, akashika njia ya stesheni ya metro. Hakuharakisha.