Picha Zilizopigwa Baada ya Mbio

Kila alfajiri Generoza alikimbia hadi shambani kwao, jembe likiwa begani. Mama yake, Mektilda, alimfuata polepole. Alipofika, alimkuta binti yake amekwisha kupalilia mstari mzima wa pamba.

"Wewe mtoto, unafukuzwa na nani?"

"Nafukuzwa na wewe, mama. Nawe hunikamati!"

Baba yake, Mzee Luhaga, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mbio za Bariadi. Mbio hizo zilifanyika kila mwaka baada ya mavuno. Zamani chama cha ushirika ndicho kilichotoa zawadi. Kisha soko la pamba likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaingia, ushirika ukadhoofu, na kamati ikabaki mikono mitupu.

Mwaka huo mnunuzi mmoja wa pamba, Bwana Athanasi, alikubali kuwa mdhamini. Alitoa fulana, majembe na redio. Alitoa pia kitambaa kirefu chenye jina la kampuni yake, kitundikwe pale mbio zinapoishia.

"Mzee Luhaga," alisema, "mkubwa wangu yuko Mwanza, hawezi kuja. Nipatieni picha za mbio nimpelekee. Akiridhika, atagharimia safari ya washindi. Huko yuko mwalimu wa riadha anayechagua vijana wa kuwafundisha. Lakini hamchukui aliyevuka miaka kumi na minane."

Generoza alikuwa ametimiza umri huo. Kwake hapakuwa na mwaka mwingine.

Siku ya mbio watu walijaa pande zote mbili za barabara. Onesmo, mpiga picha wa mjini, alikuja na kamera yake. Wakimbiaji walipotokeza katika vumbi, akainuka mbio. Mzee Luhaga akamshika mkono.

"Unataka kupiga nini?"

"Wanaingia, mzee! Tazama, Generoza yuko mbele!"

"Na jasho lile? Na vumbi lile? Nani amewahi kumpelekea mkubwa picha ya mtu mchafu? Filamu unayo moja tu. Itunze. Waoge kwanza."

Onesmo akaketi. Generoza akapita chini ya kitambaa cha kampuni, mikono juu, kinywa wazi kwa furaha. Wanawake wakapiga vigelegele. Kamera ilikuwa imelala ndani ya mfuko wake.

Miaka ile kupigwa picha kulikuwa jambo la heshima. Mtu alioga, akajipaka mafuta, akaazima koti. Basi washindi nao wakaoga. Generoza akavaa gauni la kanisani la mama yake. Wakapelekwa studio kwa Onesmo, wakasimama kando ya maua ya plastiki, mbele ya pazia lililochorwa ndege.

"Usicheke," baba alimwonya. "Mkubwa atadhani hatuna adabu."

Picha zikatoka safi. Bwana Athanasi akazipeleka Mwanza. Aliporudi, hakutaka hata kukaa.

"Mwangaluka, mzee," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Karibu kiti."

"Sikai. Mkubwa amezitazama picha. Akaniuliza, hii ni harusi ya nani?"

"Harusi? Hao ni washindi!"

"Wameshinda nini, mzee? Humo hamna mbio. Hamna watu. Jina la kampuni halimo. Nilimwapia kwamba watu walifurika. Akasema, nionyeshe. Sikuwa na cha kumwonyesha."

Safari ikafa hapo. Generoza alisikia yote akiwa mlangoni. Alichukua jembe lake akaenda shambani, na siku hiyo alitembea.

Majuto yakamkaa Mzee Luhaga kifuani. Jioni akamwendea jirani yake, Bibi Klementina, ambaye aliwahi kufanya kazi ya kuchagua picha katika gazeti moja la Mwanza.

"Nilidhani nawapa heshima," alisema.

"Uliwapa heshima ya studio, shemeji. Mdhamini alitaka heshima ya barabarani. Yeye anataka jina lake lionwe na watu wengi. Picha ndiyo inayomthibitishia."

"Nifanyeje, basi?"

"Kabla ya mbio, tembea njia yote pamoja na Onesmo. Chagueni mahali pa kusimama, jua likiwa mgongoni kwake. Apige watu wanapoanza. Apige umati. Kitambaa mkitundike juu ya mstari wa mwisho, naye asimame mbele yake, ili uso wa mshindi na jina la mdhamini viingie pamoja. Kisha zawadi zikitolewa, apige tena. Picha zikisafishwa, mzipeleke upesi, pamoja na barua ya shukrani."

"Na kuoga je?"

Klementina akacheka. "Waoge baadaye! Jasho ndilo litakaloonyesha kwamba walikimbia."

Mwaka uliofuata walimsihi Bwana Athanasi, naye akakubali kujaribu tena. Wakafanya kama walivyofundishwa. Kwandu, binti wa jirani, ndiye aliyeshinda. Katika picha alionekana ana vumbi hadi kwenye nyusi, anacheka, na jina la kampuni limetanda juu yake. Nyuma yake watu wamepanda hata juu ya matrela ya pamba. Mkubwa wa Mwanza alipoiona, aliomba nakala aitundike ofisini. Akagharimia safari, akaahidi kudhamini na mbio za mwaka unaofuata. Kwandu akachukuliwa na mwalimu. Kamati yote ikamshukuru Mungu.

Katika picha ile ile, pembeni, yuko msichana aliyeshika ncha ya utepe wa kumalizia mbio. Huyo ni Generoza.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Baba, nami nilipoingia siku ile, nilikuwaje?"

Mzee Luhaga akainua mikono juu, kama binti yake alivyoinua siku ile. Akafungua kinywa amsimulie. Ukutani, katika picha ya studio, kando ya maua ya plastiki, Generoza wa mwaka ule alikuwa amesimama wima katika gauni la mama yake, hacheki.